Isabgol, chia na unga wa kusafisha tumbo: soma hapa kabla hujatia kijiko mdomoni

Mwana wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka asome sehemu ya maji tu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Nauza dawa Tanga mjini, mwaka wa 14 huu. Kuna vitu watu huvinunua kwa sauti ya chini, wakisubiri kwanza mteja mwingine atoke, na dawa ya choo ndiyo inayoongoza. Mtu mzima anainama kaunta: "Siku ya tano leo, bado." Zamani walikuwa wananiachia mimi nichague. Siku hizi wanakuja wameshaamua kwamba wanataka nyuzinyuzi, zile sehemu za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Wameona kwenye simu kopo la unga wa kijani, au pakiti ya isabgol (maganda ya mbegu yanayovimba majini), au mbegu za chia, au vidonge vya "kuyeyusha kitambi". Swali lao ni moja: hivi vitu ni salama?

Isabgol tupu, isiyochanganywa na kitu, ni katika vitu salama kabisa ninavyouza. Lakini ina njia moja ya kumdhuru mtu vibaya sana, na mimi njia hiyo niliiona kwa baba yangu mzazi.

Mzee alikuwa na miaka 71. Choo kilikuwa kinamsumbua, nikampelekea pakiti, nikaiweka mezani, nikaondoka kuwahi duka. Maelezo sikumpa. Jioni akachota kijiko kikubwa, akabwia makavu kama mtu anavyobwia unga wa ubuyu, akashushia mafunda mawili ya chai. Baada ya dakika chache kitu kikamkaa kifuani, chini kidogo ya koo. Akanywa maji ili kisukumike, maji yakarudi. Nilipofika nilimkuta ukingoni mwa kitanda na bakuli mapajani, anatema mate yake mwenyewe, kwa sababu hata mate yalikuwa hayapiti tena.

Hospitali walimpitisha kamera kooni wakalitoa donge vipande vipande. Daktari alinionyesha. Kitu cha kijivu, laini, kinateleza kidoleni. Ukikishika huamini kwamba ndicho kilichoziba bomba zima la chakula. Mzee alipona, alhamdulillah, ila pakiti niliipeleka mimi, na sentensi moja tu ingetosha kumwepusha na yote yale.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, fanya jaribio hili nyumbani. Chukua glasi ya maji, kama robo lita, tia kijiko kimoja cha kula cha isabgol, koroga. Mwanzoni ni maji yenye vumbi jeupe linaloelea. Dakika ya tatu yamekuwa mazito kama uji wa mgonjwa. Iache robo saa, kisha iinamishe: haimwagiki, inateremka polepole kama ute wa bamia. Sasa hebu fikiria kazi hiyo inafanyikia kwenye koo la mtu aliyekunywa mafunda mawili. Maji ni machache, unga unanyonya kila tone, unavimba pale pale ulipokwama. Na ukiongeza maji baada ya kukwama, unalisha donge.

Kwa hiyo:

Koroga kwenye glasi nzima ya maji, robo lita kamili, unywe hapo hapo kabla haijaganda. Kisha glasi ya pili ya maji matupu. Ukae au usimame, usinywe ukalala. Mtu anayekwamwa na chakula mara kwa mara, aliyewahi kupata kiharusi akawa anapaliwa, au aliyeambiwa umio wake, yaani bomba la chakula, ni mwembamba, asitumie kabisa mpaka daktari amwambie. Na kikikukwama, acha kunywa, usijaribu kusukuma kwa tonge la ugali au kipande cha mkate, nenda hospitali. Kama pumzi ndiyo imeziba, mtu hawezi kusema wala kukohoa, hapo ni kumpiga mgongoni katikati ya mabega na kumminya juu ya kitovu huku wengine wanatafuta gari.

Wasiwasi huu si wangu peke yangu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inalazimisha onyo la kukabwa liandikwe kwenye dawa za aina hii, na mwaka 2007 ikazikataa kabisa dawa za choo za isabgol zilizotengenezwa kwa umbo la chengachenga, kwa kuwa watu waliendelea kuzibwa licha ya onyo. Kabla ya hapo, mwaka 1990, vilizuiwa huko huko vidonge vya kupunguza uzito vilivyotengenezwa kwa gamu ya gua, unga wa mbegu ambao nao huvimba ukikutana na maji. Mtu anameza kidonge kidogo, kinavimba njiani. Wanaouza "kidonge kinachojaa tumboni ushibe" wanakusifia hicho hicho kilichowapeleka wenzetu hospitali. Na chia nayo usiibwie kavu: mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 39 aliyekula kijiko cha chia kavu akashushia maji, mbegu zikavimba zikamziba. Loweka kwanza zitoe ute.

Sasa isabgol yenyewe ni nini. Ni maganda ya mbegu za mmea uitwao Plantago ovata, kwenye makopo ya kizungu unaandikwa psyllium. Unalimwa sana Gujarat na Rajasthan, India, na mji wa Unjha una soko lake kubwa, pamoja na la bizari nyembamba. Jina limetoka Kiajemi, "sikio la farasi", kwa umbo la mbegu. Kwetu pwani imezoeleka tangu zamani kwenye maduka ya Wahindi, kabla hizi video hazijaanza.

Inavyofanya kazi ni jambo la kupendeza kulijua. Nyuzinyuzi nyingi laini zikifika utumbo mpana huliwa na bakteria. Isabgol hawaiwezi sana. Ule ute unafika mpaka mwisho ukiwa bado umeshika maji, ndiyo maana choo kigumu kinalainika, na anayeharisha choo chake kinashikana. Kitu kimoja, kazi mbili zinazopingana. Halafu njiani unanasa nyongo na kutoka nayo, ini linalazimika kutengeneza nyongo nyingine kwa kutumia kolesteroli, na ile mbaya kwenye damu inashuka. Tangu 1998 FDA inaruhusu iandikwe kwamba gramu 7 kwa siku za nyuzinyuzi zake, sawa na gramu 10 na kitu za maganda, zikiambatana na mlo wenye mafuta yanayoganda kidogo na kolesteroli kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Kijiko cha kula cha maganda kinakaribia gramu 5. Kwa hiyo ni kama vijiko viwili kwa siku, kimoja asubuhi kimoja jioni, ila usianze navyo. Anza na nusu kijiko, kaa wiki, panda. Ukianza na vyote tumbo litajaa, utaitupa pakiti uniambie haifai.

La mwisho, na hili nawaomba mlishike. Isabgol inachukua saa 12 hadi siku 3 kuonyesha kazi yake. Haina mbio. Ukinywa unga jioni, saa nane ya usiku ukakurupuka mbio chooni tumbo linakukata, ujue unga uliounywa una kitu kingine ndani yake. Mara nyingi kitu hicho ni sanamaki, mmea wa kuharishia.

Karibuni tuzungumze.

---

Nyanyachungu

Asante mkuu, pole sana kwa mzee. Mimi natumia unga wa kijani wa kusafisha tumbo mwezi wa pili sasa. Nilinunua kwa dada mmoja anayeuza mtandaoni, akaniambia ni nyuzinyuzi asilia tupu, hauna kemikali. Kusema ukweli mimi nafurahia maana nikinywa saa mbili usiku, alfajiri natoka vyote, na mzani umeshuka kilo mbili. Shida ni kwamba nisipokunywa sipati choo kabisa. Kuna ubaya?

---

Mwana wa Ngamiani

Dada, tafadhali geuza kopo usome orodha ya vilivyomo, kisha utuandikie hapa. Tafuta sanamaki, au neno senna (ndiyo sanamaki hiyo hiyo), au kaskara, au utomvu wa mshubiri; vyote ni vya kuharishia. Kunywa usiku ukatoka alfajiri ni mwendo wa sanamaki barabara, saa 6 mpaka 12 baada ya kuinywa.

Sanamaki si sumu. Bibi zetu waliichemsha, na mimi vidonge vyake nauza mpaka leo, kwa siku chache, kwa mtu anayejua anachomeza. Ugomvi wangu ni kumpa mtu kila siku kwa miezi huku anaambiwa anakula nyuzinyuzi. Kuharisha kila siku kunatoa maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inalegea na moyo unaweza kupiga vibaya, zaidi kwa anayetumia dawa za presha za kukojoza. Kilo mbili zako, dada yangu, sehemu kubwa ni maji na choo. Mafuta hayatoki kwa njia hiyo.

---

Shamba la Bibi

Mimi naona tunazunguka. Tumekoboa mahindi, pumba tumewapa kuku, ugali mweupe kama chaki, halafu tunakwenda dukani kununua nyuzinyuzi za kopo. Kuleni dona. Kuleni maharage, kunde, mbaazi, mchicha, mapera na mbegu zake. Bibi yangu alikufa na miaka zaidi ya 90 na hakuwahi kuona pakiti ya isabgol.

---

Wa Kibuye

Shamba la Bibi umenigusa, maana hoja hiyo ilizaliwa huku kwetu. Kuna daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, Muayalandi, alifanya kazi Mulago hapa Kampala miaka ya 1950. Ndiye ile saratani ya taya za watoto inaitwa kwa jina lake, aliieleza mwaka 1958. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyewahi kutibu Kenya na Uganda kwa miaka mingi, walishangaa kwamba maradhi yaliyojaa hospitali za Uingereza, vijifuko vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, bawasiri, mawe ya nyongo, huku vijijini yalikuwa nadra.

Burkitt akaamua kupima choo. Watu walimeza vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha choo chao kikakusanywa kwenye mifuko na kupigwa picha, wakahesabu vipande vimetoka baada ya saa ngapi. Matokeo yalichapishwa 1972 kwenye jarida la Lancet. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita ndani ya siku moja na nusu hivi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza walitoa kama gramu 100, na kwao kilikaa siku tatu na zaidi.

Napenda ujasiri wake wa kupima kitu ambacho wengine waliona haya hata kukitaja. Lakini niseme pia: wale wanakijiji walitofautiana na mabaharia kwa mambo mengi, si nyuzinyuzi tu. Na walikula chakula. Unga wa kopo hakuupima kwao.

---

Mwana wa Ngamiani

Wa Kibuye, ahsante sana, hili nitalibandika ukutani dukani.

Shamba la Bibi, niko upande wako. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na linasema kutoka kwenye chakula. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa zaidi ya gramu 10. Unga wa ubuyu karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Ukila hivyo na maji ukanywa, wengi wenu hamtanihitaji.

Kwenye dona nina neno moja. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo anayesaga dona asage mahindi makavu aliyoyachambua kwa mkono, yaliyovunda na yenye ukungu yatolewe. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Usile dona ya mahindi usiyoyajua.

Ila kuna watu chakula pekee hakiwatoshi. Mzee asiye na meno, mama mwenye bawasiri inayotoa damu kila akijikamua, mtu mwenye kolesteroli inayokataa kushuka. Hao pakiti inawasaidia kweli.

---

Mvuvi wa Likoni

Hamjambo wadau. Swali langu ni kuhusu mamangu, yuko Mombasa, miaka 66. Ana sukari, anameza metformini, tena ana dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini. Kwa kemisti wamemuuzia isabgol wakamwambia anywe asubuhi kabla ya chai. Hiyo dawa ya tezi pia ni asubuhi kabla ya chai. Anavinywa kwa mkupuo mmoja. Niache tu?

---

Mwana wa Ngamiani

Usiache, mpigie leo, na umwamkie shikamoo yangu.

Ule ute haubagui. Unavyonasa nyongo ndivyo unavyonasa vidonge, na dawa ya tezi ni katika zinazoathirika. Kipimo chake cha damu kinaweza kurudi kibaya, daktari akaongeza dozi, kumbe dozi ilikuwa sawa ila haikuingia mwilini. Aiachie dawa ya tezi asubuhi yake. Isabgol aipeleke mchana au saa kumi jioni. Kwa jumla, dawa yoyote muhimu inywe saa moja kabla ya isabgol au saa mbili hadi nne baada yake. Wa kuangaliwa zaidi ni wanaotumia digoksini ya moyo, warfarini ya kuyeyusha damu, karbamazepini ya kifafa, na lithiamu.

Kwenye sukari, isabgol ikinywewa karibu na mlo inapunguza kasi ya sukari kupanda. Hilo ni jema, lakini kwa anayejichoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari kwa nguvu, inaweza kushuka kupita kiasi. Mama apime mara nyingi zaidi wiki mbili za mwanzo. Na atazame pakiti: ziko zilizotiwa sukari na ladha ya chungwa, vijiko vyake nusu ni sukari. Achukue tupu.

---

Mvuvi wa Likoni

Nimempigia. Amesema kwa nini hawakumwambia. Shukran sana, Mola akulipe.

---

Msafiri wa Ruwi

Assalaam alaykum. Huku Muscat Waarabu wanaiita bizri qatuna, ipo kwa attari (muuza mitishamba) yeyote, nzima na iliyosagwa. Mimi ni dereva, nakaa kitini saa 11, joto la huku mnalijua, na chooni tabu. Inanisaidia sana. Ila Ramadhani nilitumia kijiko kikubwa baada ya daku, karibu na adhana, nikashinda tumbo limejaa kama jiwe. Nilikosea wapi?

---

Mwana wa Ngamiani

Waalaykum salaam. Ulikosea saa, ndugu yangu. Uliutia ute tumboni kisha ukafunga maji saa 14 kwenye joto la Muscat. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, ukipungukiwa unakausha kila kinachopita, na choo kinakuwa kikubwa na kigumu kwa pamoja. Ramadhani inywe baada ya futari, kisha endelea na maji mpaka unalala. Daku iache. Na siku za kawaida safarini, kama huna uhakika wa maji ya kutosha, siku hiyo iruke.

Hapo niongeze kundi moja: wagonjwa wa figo na wa moyo ambao daktari amewapimia maji ya kunywa kwa siku. Hawa wasianze bila kumuuliza, kwa sababu kitu hiki hakiendi bila maji.

---

Mama Kulwa

Jamani mimi nina ujauzito wa miezi sita, vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vimenifunga choo. Kuna aliyeniambia niache vidonge.

---

Nesi Mstaafu

Mama Kulwa, usiache vidonge vya damu, mwanangu. Madini ya chuma yanafunga choo, tunalijua, na choo pia hubadilika rangi kuwa cheusi, usiogope. Papai, maharage, maji, tembea jioni. Isabgol tupu inakubalika kwa mjamzito, kwa kuwa haiingii kwenye damu, inapita tu. Ila itenganishe na kidonge cha chuma kwa saa kadhaa, vinginevyo itapunguza kinachoingia. Waambie kliniki kwamba unaitumia. Sanamaki za majani za kuchemsha usijipimie mwenyewe.

Nami niseme langu, Mwana wa Ngamiani hakuligusa. Nilifanya kazi wodini miaka mingi. Tulikuwa tunachanganya ule unga kwa wagonjwa, vumbi linapaa, na mwenzangu mmoja akaanza kupiga chafya, kisha kifua kikawa kinambana kila zamu ya asubuhi. Ni mzio, unawapata wanaovuta vumbi lake mara kwa mara, na ukishaupata hata kuinywa ni hatari. Unapomimina, usiinamie pakiti. Na mtu akiinywa akavimba midomo au kubanwa kifua, ni hospitali, asijaribu tena.

---

Mwana wa Ngamiani

Shikamoo mama. Hili nilikuwa nalijua nikalisahau. Ahsante.

---

Dereva wa Bodaboda Moro

Mimi nyuzinyuzi zinanijaza gesi mpaka naona aibu kubeba abiria. Nilinunua ya kopo, imeandikwa inulini. Nikajaribu na pumba ya ngano kwenye uji, tumbo likazidi kuuma.

---

Mwana wa Ngamiani

Nyuzinyuzi si kitu kimoja, ndiyo maana. Inulini ni chakula kitamu cha bakteria, wakiila wanatoa gesi, na kwa mwenye tumbo jepesi gesi hiyo ni mateso. Pumba ya ngano ni ngumu, inasukuma kwa kukwaruza. Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa 275 wenye utumbo unaokereka, ule ugonjwa wa tumbo kuuma na choo kubadilikabadilika bila kidonda wala uvimbe. Kundi moja lilipewa isabgol gramu 10 kwa siku, la pili pumba, la tatu unga wa mchele. Ilichapishwa 2009. Waliopata nafuu zaidi ni wa isabgol. Wa pumba, wengi waliacha njiani kwa kuwa maumivu yalizidi.

Acha hilo kopo. Pumzika wiki, kisha robo kijiko cha isabgol kwenye glasi nzima, panda taratibu sana.

Wenye dalili hizi wasinunue kitu kwangu wala kwa mwingine, waende wakapimwe: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kutaka, damu mwilini kushuka, choo kilichobadilika ghafla kwa mtu aliyevuka 50, choo chembamba kisichorudi hali yake. Na tumbo lililovimba, unatapika, hata upepo hautoki: huo ni utumbo ulioziba, ukitia ute juu yake unamaliza mtu. Vilevile anayetumia morfini au dawa kali za maumivu za jamii hiyo, utumbo wake umelala, ukirundika mzigo hautasogea. Huyo anahitaji dawa nyingine.

---

Nyanyachungu

Nimerudi. Nimesoma kopo kwa tochi ya simu, maandishi madogo mno. Maganda ya psyllium ni la kwanza, halafu unga wa mlonge, tangawizi, na la nne Senna alexandrina. Kipimo chake hakijaandikwa. Nimemtumia ujumbe yule dada aliyeniuzia, amesema hiyo ni mmea tu, ni asilia. Nimejisikia vibaya sana, maana nilimpa na mdogo wangu, yuko kidato cha tatu.

---

Mwana wa Ngamiani

Pole dada. Hukujua. Mdogo wako aache leo, kwake itapita tu.

Wewe umetumia miezi miwili, ukiacha kuna siku utumbo utakaa kimya. Usiogope ukarudi kopo. Nunua isabgol tupu, nusu kijiko asubuhi na glasi zake mbili, kula papai na maharage, na kila baada ya chai nenda ukakae chooni dakika kumi hata kama huhisi kitu, miguu uiinue juu ya kigoda. Tumbo likivimba na kuuma au ukitapika, hospitali. Ukisikia moyo unapiga hovyo au miguu haina nguvu, hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe kopo.

---

Nyanyachungu

Sawa kaka. Leo ni siku ya pili. Nimekoroga kama ulivyosema, glasi nzima, na ya pili juu yake. Bado hakuna kitu. Tumbo haliumi ila nina hofu, nilizoea kila alfajiri.

---

Mwana wa Ngamiani

Siku ya pili bado ni mapema. Kijiko usiongeze, maji ongeza. Kesho jioni tuandikie.

---

Nesi Mstaafu

Na utembee, mwanangu. Hata nusu saa.

---

Nyanyachungu

Kesho yake hii, saa moja asubuhi, baada ya chai. Kidogo, lakini laini, na tumbo halikunikata.